Jinsi Nilivyonoa Vyuma Vyako

Mugisho,

Begi lako liko mlangoni na linanuka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililo mbele yangu ninapoandika. Glavu zako nimezifua mara tatu wiki hii, nikazianika dirishani zipigwe na jua na upepo wa bahari, na bado zinanuka kama kitu kilichofia nyuma ya friji. Miaka yote nilijiambia ni jasho. Lakini jasho hutoka kwa sabuni.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Umekwenda na baba yako kuagana na watu wa kwaya, na mimi nilisema nabaki kupika. Nimeshapika. Sombe ya majani ya muhogo iko tayari, ugali nitausonga mkirudi. Nilibaki ili nikuandikie.

Habari za koti, soksi na kwenda kanisani atakuambia baba yako njiani kwenda uwanja wa ndege, na atazirudia mpaka dereva azijue. Mimi nina jambo moja tu. Unajua kwamba naandika daftari kila siku tangu nilipokuwa sekondari Bukavu: tarehe juu, kazi za siku chini yake, kisha mstari. Leo asubuhi niliyatoa madaftari yote chini ya kitanda nikatafuta kurasa chache ambazo nilikumbuka zilipo. Nilizisoma nikiwa nimekaa sakafuni, na nilijionea kinyaa kiasi kwamba nilikwenda kunawa mikono. Nataka uondoke ukijua kilichoandikwa humo.

Ulikuwa na miaka saba nilipopata kazi kwenye ukumbi wa kuteleza juu ya barafu. Nilianza kwa kupiga deki vyoo. Sikuwa na mtu wa kukuachia baada ya shule, na sikutaka uzurure kwenye ngazi za jengo letu hapa mtaani Point, kwa hiyo ulikaa na mimi nyuma ya kaunta ya viatu vya kukodisha. Ulijifunza kuteleza kwa viatu vilivyopoteza wenzao, kimoja namba thelathini na tatu, kingine thelathini na nne. Nje watu walipita vifua wazi wakielekea baharini, na ndani wewe ulikuwa unatoa moshi mdomoni na kucheka. Ulipopewa gongo lako la kwanza la hoki hukutaka kuliacha hata siku tulipokwenda soko la Warwick kununua mawese kwa Mama Furaha. Unakumbuka alivyopiga kelele katikati ya soko?

“Mama Mugisho, huyu mutoto anakwenda kulima wapi na ile jembe?”

“Si jembe. Ni gongo la hoki.”

“Hoki njo nini?”

“Wanakimbia juu ya barafu, wanapiga kisahani cha mpira.”

“Barafu? Ile ya mu friji?” Akakutazama toka juu mpaka chini. “Eh! Tulikimbia vita kule, tuje tuteleze huku?”

Nilicheka mpaka mawese yakamwagika. Siku hiyo imo daftarini. Nimeisoma leo na ndiyo pekee iliyonifanya nitabasamu.

Baadaye Uncle Ravi, aliyekuwa ananoa vyuma vya viatu pale ukumbini, aliona nina mkono uliotulia akanifundisha kazi yake. Wewe umekulia pembeni ya ile mashine lakini sijui kama uliwahi kusikiliza. Chuma cha kiatu hakina makali kama ya kisu. Chini yake kuna mfereji mdogo, na kingo mbili za ule mfereji ndizo makali. Ukichimba mfereji kwa kina, chuma kinauma barafu: mtu anasimama kama nguzo, ila kila anapotaka kwenda anakwama kidogo. Mfereji ukiwa wa juu juu, chuma kinaelea: unasukuma mara moja unakwenda mbali, ila ukigongwa miguu inatoka chini yako. Uncle Ravi alikuwa hanoi kiatu cha mtu kabla hajamuuliza anataka vipi. Hata mtoto. “Dada, miguu ni yake,” aliniambia. “Wewe na mimi tuna jiwe tu.”

Ukurasa wa kwanza niliotafuta ni wa siku ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Nimeandika hivi: “Mugisho ameomba mfereji wa juu juu. Amesema, Mama, nataka nisisikie kama chini kuna kitu.” Nilikunolea ulivyotaka. Miaka minne nilikunolea hivyo, na watu wazima waliacha viatu vyao wazi bila kufunga kamba ili wakutazame. Ulikuwa unapinda kama karatasi inayopeperushwa. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama. Uncle Ravi, ambaye hakusifu hata mkewe, alizima mashine yake.

Ukurasa wa pili ni wa Jumamosi moja, ulikuwa na miaka kumi na sita. Timu ya vijana kutoka Johannesburg ilikuja. Kulikuwa na mvulana wao, Kyle, mwekundu masikioni, aliyekuita kwerekwere, lile tusi lao kwa sisi wageni. Mara ya kwanza ukaendelea kucheza. Akakuita mara ya pili. Mara ya tatu alisema mkiwa mbele ya dirisha langu la kunolea, na mimi nilisikia. Ulisimama. Katika mchezo wenu mtu anayetaka kupigana huvua glavu kwanza. Kila mtu anajua maana yake. Ulishika glavu ya kulia, ukageuka, ukanitazama.

Nikatikisa kichwa. Juu, chini. Ndiyo.

Umewahi kusema mbele ya watu kwamba siku ile ulikasirika. Hukukasirika, Mugisho. Uliniuliza. Nilikuwa na sekunde mbili na nilijua ninachojibu. Lile neno nililipokea kwenye taksi, kliniki, kwenye foleni ya makaratasi, miaka kumi, nikiangalia viatu vyangu. Sasa nilikuwa na mtu mrefu kuliko mlango aliyenitazama akisubiri ruhusa. Nilikutuma ukanipigie. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita na mkono wako ulikuwa bado unavaa saa ya mtoto.

Ulimpiga mara nne. Meno yake mawili yalitoka, nikayaona mekundu juu ya barafu. Baada ya mechi mfanyakazi mwenzangu alikuja na chuma cha kukwangulia na maji ya moto kuondoa damu, kwa sababu damu ikiachwa inazama na kuganda ndani, inabaki doa la waridi mpaka msimu uishe. Nilimshikia ndoo. Nilikuwa naimba.

Nyumbani baba yako alikuwa amerudi kutoka kulinda magari ufukweni, bado amevaa lile koti lake la njano. Alipoona vidole vyako vimechubuka alisema, “Mimi sikuzaa jogoo wa kupiganisha.” Unakumbuka nilivyomjibu, kwa sababu ulikuwa mezani. Nilimwambia, “Wewe unalinda magari ya watu wanaotuita lile neno. Nyamaza ule.” Akanyamaza, akala. Tangu siku ile hakuja tena ukumbini, na mimi niliwaambia watu hapendi baridi.

Daftari la siku hiyo linasema: “Nimenoa jozi thelathini na moja. Mugisho amepigana, ameshinda. Nimelala vizuri.” Mstari chini.

Nimelala vizuri. Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Jumanne iliyofuata kocha alikuja dirishani akaegemea kioo. “Mama, kuanzia leo mnolee Mugisho mfereji wa kina.”

“Ameomba?”

“Hahitaji kuomba. Mwenye mwili ule kazi yake ni kusimama. Wa kuteleza ninao.”

Kitu cha kufanya kilikuwa rahisi: kukuita uchague. Nilichukua viatu vyako nikachimba. Ulizunguka uwanja mara moja ukarudi dirishani, uso umekunjamana. “Mama, leo vinakwama.”

Nikakuambia, “Jiwe ni jipya. Utazoea.”

Jiwe halikuwa jipya. Ndilo jambo nililobaki nyumbani kukuandikia. Miaka mitano nimekunolea kwa kina bila kukuuliza, na kila uliposema unakwama nilikuwa na jibu: jiwe, unyevu, barafu ya leo ni mbaya. Ukaacha kuuliza. Siku moja ukiwa na miaka kumi na minane nilikusikia ukimwambia baba yako jikoni, “Nimekuwa mzito, Papa. Zamani niliweza kuteleza. Sasa nafaa kupiga tu.” Nilikuwa nachambua maharage hapo hapo. Niliendelea kuchambua.

Hukuwa mzito. Mimi ndiye niliyekushika miguu.

Labda umeshajua. Umevishika vyuma vile maelfu ya mara. Kama ulijua ukanyamaza ili usiniaibishe, basi nimekufundisha hata hilo, na sijui nijiweke wapi.

Kwa nini? Nimejiuliza leo nikiwa sakafuni. Kocha aliomba, ndiyo, na kazi yangu ilikuwa mkononi mwake. Lakini nisijifiche hapo. Nilipenda. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga miguu chini na kuita “Sando! Sando!”, yaani nyundo kwa lugha ya hapa, na niliponunua mkate watu waliniambia, wewe ndiye mama yake Nyundo? Wanawake wa kanisani walionipita bila salamu wakaanza kunipa kiti. Kuteleza kwako kuliwafurahisha watu. Kupiga kwako kuliwafanya waniogope kidogo, na nilitaka hivyo.

Kisha Kyle akarudi. Alihamia huku kwetu, Pinetown, kufanya kazi ya stoo kiwandani, akajiunga na ile timu nyingine inayotumia ukumbi wetu. Siku ya kwanza alikuja dirishani na viatu vyake mkononi, mrefu, na meno mawili ya bandia.

“Mama, zamani nilimwita mwanao neno baya. Nilikuwa mjinga.”

“Yamepita,” nikasema. “Unataka vinolewe vipi?”

“Juu juu tu. Nataka kukimbia.”

Naye nilimuuliza, unaona. Yeye nilimuuliza.

Mkawa marafiki. Alikula sombe hapa, akauliza kama ni mchicha, akaongeza mara mbili. Baba yako alimpenda. Halafu ikaja mechi ya mwisho ya msimu uliopita. Makocha walitaka watu wajae, wakawaambia ninyi wawili mpigane dakika ya pili, kama mchezo wa kuigiza. Mlipanga dirishani pangu mkicheka, mnakula chipsi zangu.

“Dakika ya pili, sharp?”

“Sharp, sawa. Ila usiniguse pua. Dada yangu anaolewa Jumapili, kuna picha.”

“Nitakuachia pua.”

“Na usinirarue jezi, eish, ni ya kuazima.”

Ulimwachia pua. Nilikuwepo. Kofia yake ngumu ilitoka, ukapiga ngumi ile ya upande, si kwa nguvu, najua haikuwa kwa nguvu. Wewe ulisimama kama nguzo kwa sababu vyuma vyako viliuma barafu. Miguu yake yeye ilitoka chini yake kwa sababu vyuma vyake vilielea. Kichwa kikatua kwanza. Watu walipiga miguu chini kama dakika nzima kabla hawajaelewa.

Viatu vyenu wote wawili nilinoa mimi asubuhi ile. Vyako saa tatu, vyake saa tatu na robo. Imeandikwa.

Ukurasa wa tatu ni wa wiki tatu baadaye. Mwanamke alikuja dirishani, amevaa sare ya kazi ya duka la dawa, nywele zimefungwa na raba.

“Nimekuja kuchukua viatu vya Kyle. Mimi ni mama yake.”

Nikavitoa kwenye rafu. Nikamuuliza anaendeleaje.

“Anasahau. Anachemsha maji ya chai, anarudi kulala, anaamka kuyachemsha tena. Harusi ya dada yake hakuiona, sasa kila siku anaulizia ni lini.” Alivigeuza viatu mkononi. “Wewe ndiye mama wa yule kijana?”

“Ndiyo.”

Nilingoja anitukane. Nilitamani. Alisema, “Kyle anauliza kama mwanao aliumia mkono.”

Nilitikisa kichwa tu, upande kwa upande, hapana.

Akapitisha kidole karibu na chuma. “Bado vikali?”

“Ndiyo, mama. Havikutumika sana.”

“Vitoe makali. Sitaki avikanyage nyumbani akajikata.”

Nikawasha mashine nikayaondoa makali, pande zote mbili, mpaka chuma kikawa bapa kama mgongo wa kijiko. Alisimama akatazama mpaka nikamaliza. Alisema asante. Nikachukua viatu vya aliyefuata, kwa sababu kulikuwa na foleni.

Hukujua kwamba alikuja. Nilikuficha. Wewe mwenyewe ulikuwa unakwenda Pinetown kila Jumapili kukaa naye, na ulikuwa unarudi huli.

Na wakati huo huo ile video ya siku Kyle alipoanguka ilikuwa inatembea kwenye simu za watu. Mtu aliiwekea muziki na sauti ya kicheko. Niliiona mara ya kwanza kanisani, uani, baada ya ibada. Wanawake watano kwenye simu moja.

“Mama Nyundo, kuya! Kuya uone mutoto wako!”

“Rudisha, rudisha pale anaanguka.”

“Eh, Yesu! Kama gunia!”

Walikuwa na Biblia kwapani. Nilitaka kuinyakua ile simu niitupe kwenye maji machafu. Badala yake nilisema, “Sina miwani yangu,” nikaondoka. Kinyaa nilichokipata hakikuwa chao peke yao. Mimi ndiye niliyewazoesha.

Ndiyo video iliyokupatia kazi. Kocha alikuja kutusomea barua ya timu moja ya Kanada hapa mezani, amejaa furaha, na nilimwomba airudie kwa sababu nilitafuta neno moja sikulisikia. Wanahitaji mtu wa kusimama. Mtu wa kulinda wenzake. Mtu ambaye wapinzani watamfikiria kabla ya kulala. Waliona dakika moja ya maisha yako. Hawakuandika kwamba wanataka kukuona ukiteleza. Baba yako aliuliza, “Na akiumia yeye?” Kocha akasema kule wana madaktari wazuri. Wewe ulisema, “Ni sawa, Papa, ni kazi.” Na kabla ya kushika kalamu ulinitazama.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Sikutikisa kichwa juu chini, wala upande kwa upande. Niliangalia sufuria. Ukatia sahihi.

Sikuambii usiende. Nimekuamulia vya kutosha. Ukisema kule kwamba hutapigana, huenda wakakurudisha kabla nguo zako hazijatoka begini, na utarudi kwenye jengo hili lenye lifti mbovu, na watu wa kanisani watauliza kulikoni. Waache waulize. Mimi nitawajibu, na safari hii nitakuwa na miwani. Kyle nitakwenda kumwona kila Jumapili badala yako. Nilimpigia mama yake simu jana. Alisema nije na ule mchicha wetu.

Baba yako nimemwomba msamaha leo mchana, kwa lile la magari. Alisema, “Lipi?” Anakumbuka. Alikuwa anakunja koti lake na hakuinua uso.

Jambo la mwisho. Leo alfajiri, kabla ukumbi haujafunguliwa, nilichukua viatu vyako. Mfereji wa kina hauondoki kwa mpigo mmoja. Unakisugua chuma pole pole mpaka ule wa zamani ufutike, ndipo unachonga mpya. Ilinichukua saa nzima na chuma kimepungua, utaona. Nimekunolea wa juu juu, kama ulivyoomba ukiwa na miaka kumi na miwili. Hatua ya kwanza utadhani unaanguka. Hutaanguka. Inama kidogo magoti, miguu yako itakumbuka. Ukipigana ukiwa navyo utatoka kama alivyotoka Kyle, nakuambia mapema, kwa sababu safari hii sitaki kukunolea kitu bila kukuambia.

Na hivyo pia nimekufanyia bila kukuuliza. Naona. Mkono huu una mazoea mabaya.

Lakini makali haya yatakwisha baada ya siku chache za mazoezi, na kule wana mtu wao wa kunoa. Mimi sitakuwepo. Atachukua viatu vyako, atakuuliza unataka vipi. Mjibu unachotaka wewe. Ukimwambia kwa kina, basi kwa kina, lakini liwe neno lako. Na siku mtu atakapokuita jina, ukashika glavu ya kulia, usigeuke kutafuta dirisha.

Nawasikia kwenye ngazi. Baba yako anaimba sauti ya pili, amepotea kama kawaida. Naweka barua hii ndani ya kiatu cha kushoto, na ninakwenda kusonga ugali.

Mama yako